Dola za fedha za zamani: maswali ninayoulizwa kila wiki

Tangu watu wajue nakusanya sarafu, simu yangu haipumziki. Mara binamu wa rafiki ana "dola ya 1804", mara mama mmoja kafungua sanduku la marehemu babake kakuta sarafu kubwa yenye kichwa cha mwanamke mnene, mara mtu ananitumia picha ya giza totoro na chini yake neno moja tu, "bei?" Nimechoka kuandika majibu yale yale, nayaweka yote hapa.

Hii dola ya fedha ni fedha kweli au jina tu?

Fedha kweli, madini yale yale ya bangili za bibi. Lugha yetu yenyewe inakumbuka, fedha ni madini na fedha ni pesa, kwa sababu zamani pesa ilikuwa ndo hayo madini, hukuamini serikali, uliamini mizani. Dola za Marekani ambazo utakutana nazo zaidi, za kuanzia 1840 mpaka 1935, ni asilimia 90 fedha na 10 shaba, uzito gramu 26.73, upana milimita 38.1. Shika huo uzito, tutaurudia huko chini kwenye feki.

Na neno "dola" limetoka wapi?

Bondeni. Bohemia, leo Jamhuri ya Czech, kuna mji unaitwa Jáchymov, Wajerumani walipaita Joachimsthal, na "thal" kwao ni bonde. Kwenye miaka ya 1520 mgodi wa pale ulitoa fedha nyingi sana, sarafu zake zikaitwa Joachimsthaler, jina refu hilo nani ana muda, watu wakakata mbele wakabaki na thaler, Waholanzi wakatamka kwa namna yao, Waingereza wakamalizia na dollar. Marekani wenyewe walianzisha dola yao kwa sheria ya tarehe 2 Aprili 1792, lakini kwa miaka mingi hawakuwa na sarafu za kutosha, kwa hiyo sokoni walitumia sarafu za fedha za Wahispania zinazoitwa reale nane, zile zilizofuliwa Mexico na Potosí, leo Bolivia. Zilikuwa pesa halali Marekani mpaka 1857, watu wengi wakisikia hili wanakataa.

Huku kwetu zilifika?

Zilifika sana, tena kabla ya rupia na kabla ya shilingi. Pwani na Zanzibar karne ya 19 bei za pembe na sandarusi zilitajwa kwa reale, ndo jina letu la dola ya fedha, na wazee walikuwa na majina yao. Reale ya mzinga ndo ile ya Mhispania, maana nyuma yake kuna nguzo mbili na kwa macho ya mtu wa pwani zile nguzo ni mizinga, basi. Reale ya Sham ndo ya Maria Theresa wa Austria, yenye yule mama. Kulikuwa pia na reale Fransa, hiyo ni faranga tano za Ufaransa, na reale ya dhahabu ambayo ni sarafu ya dhahabu ya Marekani ya dola 20. Hata wakia ya Zanzibar ilipimwa kwa uzito wa reale moja ya fedha, na wakia 16 ndo ratili. Yaani sarafu ilikuwa pesa na ilikuwa jiwe la mizani hapo hapo.

Ni kweli dola ghali kuliko zote alipewa Sultani wetu?

Hili swali nalipenda kuliko yote, kaa vizuri.

Kwanza sio ghali kuliko zote, lakini iko juu kabisa na ndiyo iliyo maarufu zaidi. Ni dola ya 1804. Kituko chake ni kwamba haikufuliwa 1804. Mwaka huo kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilipiga dola kweli, kama 19,570 kwa rekodi zao, ila walitumia mihuri ya zamani yenye mwaka 1803 na kurudi nyuma, halafu wakaacha kabisa kupiga dola kwa miaka 30 hivi. Sasa 1834 serikali ya Marekani inamtuma Edmund Roberts kuja huku Mashariki kutafuta mikataba ya biashara, wanataka abebe zawadi, seti moja ya kila sarafu ya Marekani. Wakaangalia vitabu, vitabu vinasema mara ya mwisho dola zimepigwa ni 1804, basi wakachonga muhuri mpya wenye 1804 bila kujua kwamba dola ya mwaka huo haijawahi kuwepo. Kosa la karani, leo ni mamilioni.

Seti mojawapo ilikuwa ya mfalme wa Siam, leo Thailand, na nyingine ilikuwa ya Sultani wa Muscat, ambaye ni nani? Sayyid Said bin Sultan, huyo huyo wa Mtoni Zanzibar, huyo huyo wa mikarafuu. Roberts alikuwa ameshasaini naye mkataba Muscat mwaka 1833, akarudi 1835 na mkataba uliothibitishwa pamoja na boksi la sarafu. Miaka miwili baadaye Marekani wakawa na konseli wao Zanzibar, na 1840 Sayyid Said naye akatuma meli yake, Sultana, mpaka New York. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari huko Marekani, walikuwa wanaleta kitambaa mpaka leo tunakiita amerikani, wanaondoka na pembe na sandarusi.

Dola inayosemwa ndiyo ile ya Sultani iliuzwa mnadani 1999 kwa dola 4,140,000, wakati ule hakuna sarafu duniani iliyowahi kufika hapo, na Agosti 2021 ikauzwa tena kwa dola milioni 7.68. Za 1804 kwa miaka mingi zilijulikana 15 tu, 8 za kundi la kwanza na zilizobaki zilifuliwa baadaye kabisa, nyingine kwa njia za panya ndani ya kiwanda chenyewe. Najiuliza tu lile boksi lilitoka vipi kwa wenyewe, na nani alipokea shilingi ngapi.

Iliyo juu yake kwa bei ni ya 1794, dola ya kwanza kabisa. Zilitoka 1,758 siku moja, tarehe 15 Oktoba 1794, na moja nzuri sana iliuzwa Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10.

Mimi ninayo hiyo 1804 / 1794 / 1795. Niko tajiri?

Hapana. Pole.

Basi hizi Morgan ni nini, mbona kila mtu anazo?

Morgan ni dola ya fedha iliyopewa jina la mchongaji wake, George T. Morgan, Mwingereza aliyeajiriwa Philadelphia. Kichwa kilicho mbele ni cha mwalimu wa shule wa mji huo huo, Anna Willess Williams. Zilipigwa 1878 mpaka 1904, halafu tena 1921.

Mbona nyingi, hiyo ni siasa. 1873 Marekani waliacha kupiga dola ya kawaida ya fedha, wakati migodi ya Nevada ndo kwanza inamwaga fedha kama maji, wenye migodi wakalia, wakulima wenye madeni nao wakalia maana walitaka pesa iwe nyingi, kelele zikafika Bunge. Februari 1878 ikapitishwa sheria ya Bland na Allison, Rais Hayes akaikataa, Bunge likampita juu, serikali ikalazimika kununua fedha ya dola milioni 2 mpaka 4 kila mwezi na kuipiga sarafu iwe inahitajika au haihitajiki. Na haikuhitajika! Nani anataka kutembea na gramu 27 za chuma mfukoni kwa kila dola moja, watu wa mashariki ya nchi walitaka noti tu, huko magharibi ndo zilizunguka kidogo. Zingine zote zikaingia kwenye magunia ya elfu moja moja, magunia yakaingia stoo, serikali ikatoa noti zinazowakilisha hizo sarafu. Ndo maana leo unaweza kununua Morgan ya 1881 ambayo haijawahi kununua hata mkate.

Kama ni nyingi hivyo kwa nini nyingine ni bei mbaya?

Kwa sababu ziliyeyushwa, na hakuna aliyeandika zipi. Vita vya kwanza vya dunia India ilikuwa inaishiwa fedha ya kulipia noti zake za rupia, watu wakaanza kupanga foleni, Uingereza ikaomba msaada, Marekani wakapitisha sheria ya Pittman 1918 na kuyeyusha dola 270,232,722. Soma hiyo namba tena. Karibu zote zikaenda kuiokoa rupia. Kwa hiyo idadi iliyoandikwa kwamba imefuliwa mwaka fulani haikuambii zimebaki ngapi.

Zinazosakwa:

1893 yenye S, yaani San Francisco. 100,000 tu. Hata iliyochakaa mpaka sura haionekani vizuri inaanzia dola elfu kadhaa.

1889 CC. Carson City, Nevada, mji mdogo wenye kiwanda chake jirani na migodi. Chochote chenye CC kina bei ya ziada, hii inazidi.

1895 ya Philadelphia. Rekodi zinasema sarafu 12,000 za kawaida, hakuna aliyewahi kuiona hata moja. Zilizopo ni zile 880 maalumu za wakusanyaji.

Halafu kuna 1884 S, hii ni funzo peke yake. Zaidi ya milioni 3 zilifuliwa, iliyotumika unaipata kwa bei ya kawaida tu, lakini ambayo haijatumika ni maelfu kwa maelfu ya dola, sababu karibu zote ziliingia mitaani zikasagika.

Hiyo herufi naiona wapi?

Kwenye Morgan geuza nyuma, chini ya shada la majani, juu kidogo ya neno DOLLAR. CC ni Carson City, O ni New Orleans, S San Francisco, D ni Denver na hiyo ni ya 1921 tu. Hakuna herufi ni Philadelphia. Kwenye Peace, dola iliyofuata baada ya Morgan, iko nyuma chini ya neno ONE. Ukinitumia picha bila upande wa nyuma sikujibu, nimeshasema.

Nasikia kuna mtu alificha malaki ya dola nyumbani kwake?

LaVere Redfield wa Reno, Nevada. Hakuamini benki wala serikali, alipokufa 1974 nyumba yake ilikutwa na dola za fedha zaidi ya 400,000, nyingi zimefichwa nyuma ya ukuta chini ya nyumba. Zikauzwa 1976 kwa dola milioni 7.3.

Ila stoo kubwa ilikuwa ya serikali yenyewe. Mwishoni mwa 1962 walianza kutoa magunia ya New Orleans, ndani yake 1903 O, ambayo mpaka siku hiyo ilihesabiwa kama mfalme, mtu akiwa nayo anatembea kifua mbele, bei ikaanguka mpaka makumi ya dola ndani ya muda mfupi. Fikiria uliyenunua mwezi uliopita. Baada ya hapo watu wakawa wanapanga foleni hazina na zile noti za zamani zinazowakilisha sarafu wachukue magunia, Machi 1964 serikali ikafunga mlango, ikagundua imebakiwa na kama milioni 3, sehemu kubwa za Carson City, ikaziuza kidogo kidogo 1972 mpaka 1980 kwenye vikasha vya plastiki ngumu. Ukikuta bado iko kwenye kikasha chake, usiitoe!

Na Peace?

Ilianza Desemba 1921 kukumbuka amani baada ya vita, mchongaji Anthony de Francisci, sura ni ya mke wake Teresa. Ilipigwa mpaka 1928, ikarudi 1934 na 1935, ikaisha. Ya 1922 zilipigwa zaidi ya milioni 51 kwa hiyo usinipigie usiku kuhusu 1922. Ya 1928 isiyo na herufi ndo yenye bei, 360,649 tu. 1965 walipiga nyingine 316,076 zenye mwaka 1964 kule Denver, zikayeyushwa zote kabla hazijatoka, na mpaka leo kuna watu wanaapa kuna moja imebaki.

Ninayo ya 1971 ya mzee mwenye upara.

Huyo ni Eisenhower, rais wa zamani wa Marekani. Nyingi ni shaba na nikeli, thamani yake dola moja. Kuna za wakusanyaji zina fedha asilimia 40, lakini kama yako imetoka kwenye chenji, basi sio.

Nitajuaje bei ya yangu?

Anza na sakafu. Morgan au Peace moja ina wakia 0.7734 za fedha tupu, zile wakia za masonara za gramu 31.1. Angalia bei ya fedha ya siku hiyo, zidisha. Tuseme fedha ni dola 30 kwa wakia, sarafu yako ni kama dola 23 hata ikiwa imepondwa na trekta, na bei hiyo inapanda na kushuka kila siku. Chini ya hapo usiuze kwa mtu yeyote, hata akikuitaje mjomba.

Juu ya sakafu kuna vitu vitatu, mwaka na herufi, hali yake, na kama ni halisi. Hali inapimwa kwa gredi ya 1 mpaka 70 iliyoanzishwa na William Sheldon 1949, kuanzia 60 ndo ambayo haijatumika. Kuna kampuni kama PCGS, iliyoanza 1986, na NGC ya 1987, zinapima na kuifunga sarafu kwenye plastiki yenye namba. Tofauti ya gredi moja tu inaweza kuwa mara mbili ya bei au zaidi, na wewe kwa macho huioni, mimi mwenyewe mara nyingi siioni. Kupeleka huko ni gharama na kutoka huku ni gharama mara mbili, kwa hiyo sarafu ya kawaida usihangaike.

Naweza kuisafisha kwanza ing'ae?

USIISAFISHE. Usisugue, usitie ndimu, usitie majivu, usitie dawa ya meno. Mimi reale yangu ya kwanza niliisugua kwa ndimu na majivu kama sufuria ya Idi, iking'aa nikaipeleka kwa furaha kwa sonara mmoja Mji wa Kale, yule mzee akaigeuza mara moja akanirudishia bila neno akaendelea na kahawa yake. Ule weusi na zile rangi za samawati na zambarau zinazotambaa pembeni ndo umri wake, mkusanyaji analipia hizo. Mikwaruzo ya kusugua haitoki milele. Ishike kwa ukingo, iweke kwenye karatasi au plastiki isiyo na PVC, basi.

Feki nazijuaje?

Soko limejaa feki, nyingi zinatoka China, na zimeenea kuliko halisi huku kwetu. Kwa mpangilio huu.

Sumaku. Ikinata ni takataka, maliza hapo. Isiponata bado sio ushahidi, maana shaba nayo hainati.

Mizani ya sonara au ile ndogo ya vipimo vya dawa. Gramu 26.73, iliyochakaa inaweza kushuka kidogo, lakini ikiwa 22 au 24 funga mjadala. Feki nyingi zinaanguka hapa hapa.

Maji. Hii ndo naipenda. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba iwe sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba ishushe ndani ya maji izame yote bila kugusa chini wala kando. Morgan halisi itasoma karibu 2.6. Ikisoma 3 na kitu ujue uzito wameuigiza lakini madini sio.

Mlio. Iweke kwenye ncha ya kidole, gonga ukingoni na kalamu, fedha inalia kama kengele na mlio unakaa, feki inasema "tk".

Na plastiki yenyewe inaigwa siku hizi, kwa hiyo namba ya PCGS au NGC iingize kwenye tovuti yao, picha ifanane na iliyo mkononi, alama kwa alama. Kuwa mkali zaidi na dola za biashara za 1873 mpaka 1885, zile zilizopigwa kwa ajili ya China zenye gramu 27.22, hizo feki zake ni nyingi kuliko samaki. Kwenye halisi wakati mwingine utakuta vimuhuri vya herufi za Kichina, wafanyabiashara wa kule walikuwa wanagonga chapa yao kuthibitisha fedha ni safi. Lakini wenye feki nao wanagonga.

Ya kwangu imeandikwa 1780 na ina mama mnene mwenye shungi.

Reale ya Sham hiyo, Maria Theresa. Alikufa Novemba 1780 na tangu hapo wanaipiga na mwaka huo huo, Vienna, Milan, Roma, London, Bombay, kila mtu, maana Yemen, Oman na Ethiopia hawakutaka nyingine. Italia walipojiandaa kuivamia Ethiopia walichukua mihuri ya Austria mwaka 1935 wakaanza kupiga zao Roma. Kwa hiyo mwaka 1780 haumaanishi ni ya 1780, inaweza kuwa ya juzi. Uzito gramu 28.07, fedha asilimia 83.3, nyingi thamani yake ni ya madini tu. Kama ina tundu au kikuku cha kuning'iniza maana ilivaliwa kama kipambo, mkusanyaji ataipunguza bei, mimi ningeiweka, ni ya bibi yako.

Ukikuta yenye maandishi ya Kiarabu ya Sultan Barghash mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1881 au 1882, tena ya fedha na kubwa, hapo nipigie simu hata saa nane usiku. Zile pesa za shaba za Barghash zenye mizani ni za kawaida.

Shilingi ya simba ya King George je?

Ya 1921 mpaka 1946 ina fedha robo tu, asilimia 25. Nzuri kwa mkusanyo, haijengi nyumba.

Nimetumiwa ujumbe kuna mzungu ananunua sarafu yoyote ya zamani kwa milioni 50, natakiwa kutuma ada ya usajili.

Hakuna mzungu. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi pesa, na atakuuliza mwaka, herufi na uzito kabla ya kutaja bei. Jirani yangu mmoja alituma mara tatu, ya usajili, ya forodha, na ya tatu hata haieleweki ilikuwa ya nini.

Nikitaka kuanza ninunue ipi?

Morgan ya 1921 au Peace ya 1922, iliyotumika, bei karibu na sakafu. Zipo tele kwa hiyo ukikosea hasara ni ndogo, na ukishaishika siku kadhaa kidole kinazoea uzito na sikio linazoea mlio, ukija kuletewa feki mkono utakuwa wa kwanza kujua. Usianze na CC. Na usianze mnadani usiku wa mwisho wa mwezi mshahara ukiwa umeingia, hiyo nimeifanya.